Fedha ya Chupa

Nimeshika fedha tangu Jumatatu,
fedha ya chupa, nitrati, isiyonunua hata kiberiti.
Imenipaka vidole masizi.
Bi Akumu wa Kibuye, akinipimia omena kwa kopo,
aliuliza kama siku hizi nachoma makaa.
Nikasema natafuta seli.
Akaongeza kiganja kimoja, kwa huruma.

Sungura nambari kumi na moja, mzaliwa wa Ahero,
amekuwa vipande vinne vya nta mezani.
Juzi masikio yake yalikuwa na joto.
Namkata mikroni tano, mikroni tano,
utepe unaelea majini kama utando wa maziwa.
Sikumwomba radhi kwa sauti; Odipo angecheka.
Lakini kisu nilikinoa mara mbili.

Fedha hulala ndani ya ovena, digrii sitini,
nami nisilale, nasikiliza kama stima itapotea.

Asubuhi pafu zima ni manjano hafifu, bubu,
ila pale njia ya hewa inapogawanyika:
seli nyeusi, saba au nane, zimebanana
kama wauza mahindi kwenye njia panda
wanaomjua kila apitaye.
Si neva. Si tezi. Ni kitu kilichokataa kuchagua:
chini kimeshika uzi wa fahamu,
juu kinaonja hewa,
tumboni kimebeba vijipunje vya habari
isiyotumwa bado.

Fedha fedheha, walisema.
Hawakuiona hapa, ikiwafichua wasiri.

Nikaweka slaidi ya utumbo.
Yuleyule! Safari hii peke yake, shingo nyembamba,
ananusa uji wa majani kabla haujapita.
Profesa Makokha husema pafu ni chipukizi la utumbo,
lilichomoza mimba ikiwa changa, sungura hajawa sungura.
Basi hawa ni ndugu waliogawana shamba,
mmoja akapewa upepo, mwingine chakula,
na lafudhi haijawatoka.

Nahesabu. Tatu. Nane. Moja.
Nahesabu tena, idadi inakataa.
Tangu saa nne majivu ya miwa yanatua dirishani,
wanachoma mashamba upande wa Miwani.
Usiku Adongo wangu atakohoa.

Taa ya hadubini inazimika. Stima.
Katika kizimba nyuma yangu
nambari kumi na mbili anaacha kutafuna sukuma.
Pua yake inacheza, inasita.
Kuna aliyemwambia.