Kizingiti cha Upande wa Mama

Gari lina kizingiti, kama nyumba.
Sikulijua hilo mpaka Oktoba, tukishuka Abano,
jiwe lilipoingia chini ya mlango wa mama
likaukunja ule ukingo wa bati
kama mtu akunjavyo barua asiyotaka isomwe.
Mlango ukagoma. Mama, miaka sabini na minane,
akatokea upande wangu, juu ya gia,
magoti mbele, matusi nyuma,
na kondoo wa Badri wakitazama.

Majira yote ya baridi nimepima.
Duka la Telavi lina ngazi za alumini,
zinang'aa kama meno ya mgombea,
zina raba ya kukanyagia, zina taa ya bluu.
Nyingine hujikunja zenyewe mlango ukifungwa.
Nikamuuliza muuzaji: na tope la Juni je?
Akaniwashia taa.
Nikaikanyaga moja kwa kisigino. Ikabonyea kidogo,
kidogo tu, kiasi cha kunijibu.

Ushangi anachomelea nyuma ya kinu cha zamani, Alvani.
Hana taa ya bluu. Ana bomba la milimita sitini,
unene milimita nne, na sigara isiyoisha.
"Hili si ngazi," akasema, akilibiringisha kwa mguu.
"Hili ni goti la gari. Litaegemea jiwe,
litateleza, litainuka, litakwenda zake.
Nalifunga kwa nati kwenye fremu, si kwenye bati;
ukilifunga kwenye bati, umelipatia jiwe nyundo."
Mwisho wa nyuma akaupinda kwenda nje,
ili kwenye kona mkia usukumwe mbali na mwamba.
Kilo arobaini na moja, pande zote mbili.
Nikahesabu mafuta. Nikahesabu magunia ya chumvi
ambayo sitaweza kuyapandisha tena.
Nikakubali.

Kisha mama akaja kukagua.
"Na mimi?"
Akainua mguu. Buti lake la sufu likaishia hewani,
shibiri moja chini ya bomba.
Ushangi akazima sigara, jambo ambalo sijawahi kuliona.
"Naweza kulishusha," akasema. "Lakini kila sentimita
nitakayompa mama, nitakuwa nimeiiba chini ya gari,
na Abano haisamehi deni."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Ningesema: shusha.
Aliyenyonya hana neno jingine.
Mama akaisimamisha fimbo yake sakafuni,
akaweka kidole gumba pale bomba lilipofika,
akatazama kidole, akatazama goti lake,
hesabu ya mnunuzi wa ng'ombe.
"Liache," akasema. "Chuma kikae kwa ajili ya jiwe.
Mimi nina kigoda."

Kile cha kukamulia. Miguu mitatu, mmoja mfupi.
Sasa kimefungwa kwa kamba ya marobota ya nyasi
chini ya kiti chake,
na kila tukisimama nashuka mimi kwanza,
nazunguka, nakitega, nampa bega.
Abiria wa Tbilisi hucheka. Wacheke.

Juni tulipanda. Kona ya tisa, pale maji yanapokula barabara,
nikausikia mlio: chuma na mwamba, mrefu,
kisu juu ya kinoo.
Gari likainama upande wake, likafikiri,
likateleza, likapita.
Mama hakusema kitu mpaka Omalo.

Na Omalo hakuingia ndani moja kwa moja.
Alikaa kwenye kigoda, kando ya gurudumu,
akaupitisha mkono kwenye mkwaruzo:
rangi imetoka, chuma cheupe urefu wa dhiraa,
na juu yake kizingiti, kizima.
Akafungua mlango. Akaufunga. Akaufungua tena.
"Umekaza nati?"
Nikasema nimekaza.
"Kaza tena."