Maji ya Tangi la Pili

Mashine yenyewe haizidi begi la safari fupi.
Donalda wa nyumba ya pili ameileta amekumbatia,
pamoja na kichupa cha sabuni, nusu,
na onyo: Usisugue. Ukisugua unalishindilia.

Doa lina miezi minne.
Saladi ya bitiruti, mkesha wa Krismasi,
bakuli la kioo, na kiwiko cha Arvo
aliponyanyuka mezani kabla baba yake hajamaliza sentensi.
Nje, Thunder Bay ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Gari lilikataa kuwaka mara tatu.
Mara zote tatu Raili aliomba lisiwake.
Likawaka.

Tangu hapo wamelipitia kando, yeye na Veikko,
kama watu wanaokwepa mbwa aliyelala.
Chumvi walijaribu. Siki. Magadi ya kuokea.
Lilikuwa jekundu, likawa la waridi, likakaa.

Sasa ni Aprili, barafu ya ziwa inapasuka usiku kama mbao,
na Raili, miaka sabini na mmoja, amepiga magoti,
maji ya moto kwenye tangi la kwanza,
kidole kwenye kifyatulio.
Nyunyiza. Subiri. Vuta taratibu kuelekea kwako.
Mashine inanguruma kama mtu mzima
anayelia kwa mara ya kwanza, hajui kupunguza sauti.

Katika lugha ninayoandikia
maji yakimwagika hayazoleki.
Raili hajawahi kuusikia msemo huo.
Anayazoa.
Anayaona yakipanda kwenye mdomo wa plastiki,
ya waridi, ya kijivu, kisha ya rangi isiyo na jina,
yakiangukia tangi la pili pamoja na manyoya ya Musti,
mbwa aliyekufa mwaka juzi.

Doa likatoka.
Hapo ndipo shida ilipoanza.
Kwa maana pale lilipokuwa pamebaki duara safi,
safi la kutia aibu, rangi ileile ya maziwa waliyoichagua
mwaka Arvo alipoanza shule,
na zulia zima likajulikana lilivyo:
kijivu cha soksi, kijivu cha miaka ishirini na sita.
Ukiingia tu, jicho linakwenda palepale.

Veikko akasimama mlangoni na kikombe.
"Umeharibu."
"Vuta kochi," akajibu mkewe.

Chini ya kochi: sarafu, penseli,
na kipande kimoja cha fumbo la picha, anga tupu, buluu,
ambacho mtoto alituhumiwa kukimeza
akapelekwa hospitali akilia kwamba hakukimeza.
Raili akakitia mfukoni mwa aproni.

Matangi saba. Kumwaga ni kazi ya Veikko.
La nne alichelewa nalo dirishani,
akaliinua kwenye mwanga kama mtu anayekagua hesabu.
"Haya yote tulikuwa tunayakanyaga," akasema,
"na tunayaita zulia."
Kwa Veikko, hiyo ni hotuba.

Jioni wakajikuta jikoni, viti viwili, miguu juu,
maana hapakuwa na njia ya kufika kitandani
bila kukanyaga ubichi.
Madirisha wazi. Baridi na limau ya kiwandani.
Simu iko jikoni, ukutani.
Raili akaitazama kitambo, kisha akapiga.

"Usije leo," alisema. "Zulia bichi."
Upande wa pili, televisheni ikapunguzwa.
"Sikuwa nakuja, mama."
"Najua. Nakuambia leo tu."

Hakuna aliyekata.
Veikko akanyoosha mkono, si kwa simu, kwa kitabu cha maelekezo,
akavaa miwani, akasoma
kwa sauti kubwa kuliko jikoni lilivyohitaji:
"Hukauka kwa saa sita mpaka nane.
Kwa hiyo kesho."

Hilo la kesho halikuwamo kitabuni.