Barafu ya Saba

Oktoba hapa Nkuhungu haibishi hodi.
Inasukuma mlango na vumbi lake jekundu,
inakaa kwenye kochi, inavua viatu,
na bati juu yetu linalia ta, ta, ta,
kama mtu anayehesabu sarafu asizonazo.

Nikamwambia Nyemo: leo tunatengeneza barafu.
Akauliza, za kuuza?
Nikasema, za kula.
Hakuamini. Kwa Mama Mbeleje, mtaa wa pili,
barafu moja ni shilingi mia, na mia haikopeshwi.

Zabibu nilizipata sokoni,
zile zilizodondoka kwenye vichala,
zinazouzwa kwa kopo kwa sababu hazina sura.
Tukaziponda kwa mwiko ndani ya sufuria ya ugali.
Chujio la chai lilikuwa limetoboka;
tukachujia kipande cha kanga kuukuu,
maneno yake yamefutika, yamebaki mawili:
SINA HARAKA.

Sukari kidogo. Akasema ongeza. Nikaongeza.
Akasema ongeza. Nikamwangalia.
Kisha ubuyu, uliolowa tangu alfajiri,
mzito, ule wa kumkunja mtu uso
halafu akanyoosha mkono kuomba tena.

Vikombe vya mtindi, saba, vilivyooshwa.
Vijiti sikuwa navyo. Hapo mtoto akanizidi akili:
alikimbia uani kwa bibi Mnyawami,
akarudi na bua la mtama,
akalikata kwa wembe vipande saba sawasawa,
isipokuwa kimoja alichokiacha kirefu.
"Hicho cha baba."

Tukapanga kwenye friza. Nikafunga.
Akafungua.
Nikamweleza kwamba baridi ni kama kuku anayeatamia,
ukimwinuainua hupati kifaranga.
Akakubali kwa kichwa.
Akahesabu hadi mia mbili.
Akafungua.

Saa nane na robo umeme ukakatika.
Feni ikazunguka kwa mazoea, mara tatu, ikanyamaza.
Mtaa mzima ukasema "aaah" kwa mdomo mmoja.
Nikatoa blanketi la kijivu, lile la Julai,
tukaligubika friji kutoka kichwa hadi miguu
kama mgonjwa wa malaria,
na Nyemo akaketi mbele yake na fimbo ya deki.
Jirani alikuja kuomba maji ya baridi.
Alirudishwa.

Jioni, umeme bado, tukafunua.
Sita zilikuwa uji.
Uji wa zambarau, wa baridi ya kuuma meno ya mbele;
tukala kwa vijiko, sisi na watoto wanne
ambao sijui hata leo nani aliwaita.
Ya saba, ile ya nyuma kabisa, iliyogusa ukuta wa friza,
ilikuwa jiwe.
Yenye kijiti kirefu.
Siapi kwamba niliipanga pale makusudi.
Siapi kwamba sikuipanga.

Baba yake anajenga kule Mtumba,
maghorofa ambayo wenyewe wataishi ndani na viyoyozi.
Saa moja na nusu tukamsikia kwenye kona, anakohoa saruji.
Mtoto akachomoka na barafu mkononi,
mita mia mbili za mchanga ambao ulikuwa haujapoa,
na upepo ukiilamba barafu njia nzima
bila kuomba ruhusa.

Alipofika alikuwa na bua la mtama
na mchirizi wa zambarau hadi kwenye kiwiko.
Niliwaona kwa taa ya bodaboda iliyopita:
mmoja amesimama, mdomo umeanza kupinda,
mwingine amechuchumaa na vumbi lake lote.

Akakipokea kijiti kwa mikono miwili.
Akakiweka mdomoni, akakinyonya taratibu
kama mtu anayesoma barua,
akakigeuza upande wa pili.
"Zabibu," akasema. Akafikiri.
"Na ubuyu.
Sasa, nani kati yenu kaongeza sukari?"