Shimo la Tano

Dandora, Awamu ya Pili, mwezi wa tano.
Mvua imepumzika siku mbili, na ukuta wa jikoni
bado unatoa jasho. Chumvi imechanua juu ya plasta,
nyeupe, laini, kama ndevu za mtu aliyelazwa muda mrefu.

Fundi Mulatya hakuja na saruji. Alikuja na kipande cha kioo,
akakigandisha juu ya ufa kwa jasi,
akaandika tarehe kwa penseli, akaenda zake.
"Methali inasema ziba. Mimi nasema uache useme kwanza.
Ukiuziba mdomo hapa, nyumba itanung'unikia kwingine."

Siku ya kumi na mbili, saa tisa za usiku,
ardhi ilijikuna huko upande wa Magadi.
Kwetu ni sufuria tu zilizogusana mabega,
mbwa wa jirani akabweka mara moja, akajuta,
na kioo kikasema: tik.
Mama, kutoka chumbani: "Nimesikia. Mpigie fundi."

Udongo huu haukai. Mweusi, wa mfinyanzi, hauna adabu:
masika huvimba ukaisukuma nyumba juu,
kiangazi hunywea, ukaatuka mianya ya kumeza mguu wa mtoto,
na nyumba ikabaki juu ya hewa
kama mtu aliyeondolewa kiti akiwa katikati ya kukaa.
Miaka arobaini na minne ya kusukumwa na kuachiliwa.
Hata mimi ningepasuka.

"Mashimo manane," Mulatya akasema, "si kwa pamoja.
La kwanza, la nne, la saba. Tujaze, tungoje yagande.
Kisha la pili, la tano, la nane.
Ukichimbua pote kwa siku moja nyumba itakaa chini,
na ikikaa haiinuki."

Mama alikataa kuhama.
Syombua, bintiye fundi, akitambaa chini ya msingi
na sururu fupi, buti za mpira, taa ya simu kifuani,
mama juu akagonga sakafu kwa bakora:
"Mko wapi sasa?"
"Chini ya kabati, mama."
"Vyombo vyangu!"

Shimo la tano, chini ya chumba chake,
sururu iligonga chuma, kikalia kama kengele ya shule.
Haikuwa nondo. Syombua akasugua kwa kiganja:
kichwa cha kitanda, chuma cha maua,
kijani bado kimeng'ang'ania kwenye kona,
na springi zimelala ndani ya zege kama mbavu.

Nilikuwa na miaka sita. Baba alisema kimeibwa.
Tulilala mkekani mwaka mzima
nikiwalaani wezi kwa majina niliyoyabuni mwenyewe.

Bakora ikagonga. "Mmekifikia?"
"Tumekifikia."
"Nondo zilipanda bei. Barua ya jiji ilitaka msingi kabla ya Krismasi.
Baba yako alikikata usiku kwa msumeno wa kuazima.
Mimi nilishika taa."

Mulatya aliinama, akachokoa, akaninong'oneza:
"Kutu huvimba kuliko udongo. Hiki ndicho kilichoanza ufa."
Vipande vilimtoka mkononi, vyekundu, kama ganda la mkate.

"Kilisaidia?" mama akauliza juu yetu.

Fundi alinitazama. Maji yalidondoka mahali fulani, hayana haraka.
"Kilibeba, mama," akasema. "Miaka arobaini na minne kilibeba."
Kisha akamwashiria Syombua alete mashine ya kukatia.

Sasa ni Agosti. Kioo kipya, tarehe mpya, hakijasema neno.
Ukuta wa jikoni umekauka hadi usawa wa goti.
Pima maji ikiwekwa sakafuni chumbani kwa mama, pofu lake linatulia katikati,
na kitanda chake hakihitaji tena
lile gazeti lililokunjwa chini ya mguu mmoja.

Hajalitoa.