Mtaa wa Pili

Alfajiri ya Mabela, kabla ya adhana,
hamira imeshaamka; mie bado.
Mchele umesagwa, nazi imekamuliwa,
iliki nimeitwanga kwa kinu cha shaba
alichokuja nacho mama toka Vuga,
kakiviringisha kanga kama mtoto mchanga.

Mkate naujua. Mkono wangu haukosei:
moto wa chini, kisha moto wa juu,
ufuta kwa vidole vitatu.
Ila ile simu, imeegemea kopo la samli,
kijicho chake cheusi kinanitazama
kama mama mkwe siku ya kwanza.

Mara kumi na moja nimebonyeza,
mara kumi na moja nimefuta.
Ya kwanza nilitoa salamu, nikasahau jina langu.
Ya tatu kiyoyozi kilinguruma kunishinda.
Ya saba nilisema Kiarabu, nikajisikia:
ile ha yangu nyepesi, ile aini niliyoimeza,
nikawasikia na wanaocheka,
na jikoni hamna mtu.
Ya kumi nilijipaka wanja.
Niliifuta, kisha nikaufuta na wanja.

Na nyuma ya simu, mama, miaka sita kaburini:
"Kizuri chajiuza, Zuwena.
Kibaya chajitembeza."

Basi nikakaa na kizuri changu, kikijiuza
kwa dada yangu, na kwa Bi Thuwaiba
anayelipa Ijumaa, ikiwa Ijumaa imemkumbuka.
Mikate minne kwa wiki. Wiki nyingine mitatu.
Iliyobaki tumekula, mpaka wanangu wakasema basi.

Jumanne mlango ukagongwa.
Mwanamke, ufunguo wa gari mkononi.
Hata hakusalimu sawasawa. Alinusa.
"Harufu hii ni ya nini?" Kiswahili cha Wete, kitupu.
Nikamkatia kipande. Akala kasimama,
kisha akakaa kwenye ngazi, akavua miwani.

"Nakaa mtaa wa pili, nyuma ya wauza matairi.
Miaka minne.
Mama alipougua hakutaka kitu,
akiulizia mkate wa kumimina tu.
Nimeutafuta Matrah, nimeutafuta Khuwair,
nikamletea keki. Akaugeuzia ukuta uso.
Kafa Shaabani."

Hakunilaumu. Bora angenilaumu.
Alilipa, akakataa chenji, akaenda.

Magharibi nilitembea, nikahesabu hatua.
Mia mbili na arubaini
toka jiko langu hadi kitanda cha yule mama.

Mama, nisamehe. Methali yako ilikuwa ya Vuga,
ambako harufu hutoka dirishani bila kuaga,
ikaingia kwa jirani, ikakaa.
Hapa madirisha tumeyafunga tangu Aprili,
ukuta wa uani umempita mtu na nusu,
na kizuri kikinyamaza hukauka sufuriani.

Tena niambie, ulipokuwa ukipika,
nani aliyepita nyumba kwa nyumba
na sinia kichwani, hodi, hodi,
"mama kasema muonje"?
Mimi. Nikiwa na miaka minane.
Hukuniambia kwamba ule ulikuwa mtembezo.

Ya kumi na mbili sikupaka wanja.
Mikono yangu tu, na uji mweupe ukimiminika.
Katikati kifuniko kikaniponyoka, kikalia sakafuni,
nikasema "Lo!"
na sikuifuta.
"Mie Zuwena, Mabela ya Kusini.
Napika mkate wa kumimina. Riali moja na nusu.
Kama una mgonjwa, hulipi."
Nikabonyeza. Nikaitumbukiza simu
kwenye ndoo ya unga wa ngano, nikaifunika,
nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Mpaka alasiri walikuwa wametazama watu kumi na tisa.
Mmoja dada yangu.
Mmoja kauliza kama nauza sambusa.
Mmoja, simjui hadi leo, kaandika:
hiyo lo yako, kama shangazi yangu.
Niwekee miwili.

Simu bado ina unga masikioni.