Msumari wa Nne

Kesho askofu anakuja; leo nafuta vioo vya picha.
Wa kwanza, Bi. Gwenllian Prydderch wa Wales,
alipanda milima ya Khasi na kinanda
mgongoni mwa mpagazi, mvua ikiwachapa wote.
Aliwafundisha wasichana saba kusoma Injili ya Marko;
wao wakamfundisha kula samaki mkavu bila kutoa machozi.

Wa pili aliogopa nyuki. Tunakumbuka hilo tu,
hilo na bomba la maji.
Wa tatu, Bi. Olwen, alihesabu viazi.

Kisha msumari mtupu.

Halafu Kong Trolinda, mwenyeji wa kwanza,
miwani imemkaa upande, kama ana swali;
na Kong Bathsheba, anayestaafu Juni,
hata pichani ana haraka ya kikao.

Fundi anataka kuung'oa huo msumari, apake chokaa.
Nimemwambia: koma hapo.
Mwaka wa tetemeko Bi. Olwen alizikwa,
barua ya bodi ikakwama mtoni,
na Kong Sildamon, mpishi, akashika kengele.
Miezi kumi na mmoja.
Kitabu cha shule kimeandika: *Nafasi ilikuwa wazi.*

Wazi!
Mama yangu alilala bweni lile.
Anasema kila asubuhi mpishi aliita majina tisini na manne,
orodha mkononi, kichwa chini miguu juu,
na hakukosea hata moja.

Nimeutundika upawa wake.
Umeinama kidogo kushoto.
Askofu na aulize.