Mkungu wa Ganjoni

Mkungu wa uani umeanza tena mambo yake:
jani moja jekundu, kisha saba,
kisha sikuhesabu.
Hapa kwetu hakuna baridi ya kulaumiwa.
Jua ni lile lile, chumvi ile ile madirishani;
mti umeamua tu.

Jana Raya aliniletea piko,
kikopo na mswaki mkuukuu wa kupakia.
"Mama, harusi ni Ijumaa. Watu watakuona."
Nikamwambia, weka hapo juu ya friji.

Miaka ishirini na saba nimefagia majani haya
nikinung'unika.
Leo goti la kushoto limegoma,
nikasimama na ufagio mkononi, nikayatazama:
mapana kama sahani,
mengine rangi ya zambarau, mengine ya samli iliyoungua,
na moja nusu kijani, nusu damu,
halijakata shauri.
Hilo nimelitia ndani ya daftari la madeni,
baina ya vitumbua vya Bwana Shekue
na jina la marehemu niliyemsamehe.

Kisha nikainua uso.
Kule juu, palipokuwa na kivuli kizito,
matawi yameachia nafasi,
na nafasini mna kipande cha maji ya Kilindini,
buluu, chembamba,
hakizidi pindo la leso.
Kumbe kilikuwako siku zote.

Ijumaa nitakwenda na mvi zangu,
nizitie asumini, zinukie.
Piko bado iko juu ya friji.
Raya ataiona
akija kunywa maji.